Jiwe la Nani, Ardhi ya Nani

Wacha niseme ukweli: Robert Graves alinidanganya, na nilifurahia. Kitabu chake The White Goddess (1948) kinachukua ogham, mwandiko wa kale zaidi wa Kiayalandi, na kuugeuza kalenda ya siri. Kila herufi mti, miezi 13, mungu wa kike juu ya yote. Tamu sana. Shida ni kwamba kalenda hiyo aliitunga yeye. Hata majina ya herufi si miti yote: dair ni mwaloni, sawa, lakini gort ni shamba. Na kumbe babu yake, Askofu Charles Graves wa Limerick, aliichunguza ogham kisomi kabla mjukuu hajazaliwa!

Nikaacha kitabu, nikarudi kwa mawe. Yamebaki kama 400, mengi kusini mwa Ayalandi, hasa Kerry na Cork. Ukingo wa jiwe ndio mstari. Mikato ni mmoja hadi mitano, upande huu, upande ule, au kuvuka ukingo; irabu ni alama ndogo ukingoni penyewe. Unasoma kutoka chini kupanda juu.

Na yanasema nini? Majina tu. Jiwe la Ballycrovane, Cork, lenye urefu wa karibu mita 5, linasema MAQI-DECCEDDAS AVI TURANIAS. Yaani “-a Maqi-Decceddas, mjukuu wa Turanias.” Nilikwama kwenye hiyo “-a”. Kiayalandi cha wakati ule kinaweka jina katika hali ya umiliki, halafu kinanyamaza. Kinachomilikiwa hakitajwi. Kiswahili hakikubali mchezo huo: lazima uchague “la”, kama ni jiwe au kaburi, ama “ya”, kama ni ardhi.

Mimi niko na “ya”. Sheria za kale za Ayalandi zinataja ogham kwenye mawe kama ushahidi wa umiliki wa ardhi. Hati miliki, basi. Graves angenuna, lakini kwangu mtu anayesimamisha jiwe refu hivyo ili jirani asiguse shamba ana hadithi kuliko kalenda yoyote ya miti.

Baadaye MAQI ikawa Mac, AVI ikawa ile O ya O'Brien. Binti je? Neno lake, INIGENA, liko kwenye jiwe la Eglwys Gymyn, Wales: Avitoria, binti Cunignos. Hapo niliandika “la”, nikafuta, nikaandika “ya”.