Kicheko cha Kantano Nyuma ya Kioo

Katika mchezo wa Hate Radio, kazi ngumu kuliko zote aliyoifanya Diogène Ntarindwa ni kujizuia asikasirike. Anaigiza Kantano Habimana, mtangazaji wa RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Muda wote akiwa hewani anacheka, anatania, anaongea na msikilizaji kama jirani. Hakunji uso, wala hapandishi sauti ili tujue kuwa huyu ni mtu mwovu.

Ntarindwa alizaliwa Burundi katika familia ya Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni, na akiwa kijana wa miaka 17 alijiunga na RPF, jeshi la waasi lililopigana na serikali ya wakati ule. Baadaye alisomea uigizaji Ubelgiji, kisha akayasimulia maisha hayo peke yake jukwaani katika Carte d'identité. Huko alisema kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka 2011 Milo Rau, mwongozaji kutoka Uswisi, alimrudisha kwenye historia ileile katika Hate Radio, safari hii kwa kinywa cha adui. Waigizaji hutamani Othello, hutamani wafalme. Sidhani kama kuna anayemtamani Kantano, lakini ni vigumu kumfikiria mwingine aliyekuwa na haki zaidi ya kumchukua.

Sasa tuangalie jukwaa lenyewe. Studio ya redio imejengwa ndani ya chumba cha kioo, hadhira imekaa pande mbili, na kila mtazamaji ana redio ndogo yenye hedifoni. Uamuzi huo mmoja unabadilisha uigizaji wote. Mwigizaji wa jukwaa hufundishwa kuifikisha sauti kwa aliyekaa kiti cha nyuma; hapa kipaza sauti kinaipeleka moja kwa moja sikioni, pamoja na pumzi na mate ya mdomoni. Kwa hiyo Ntarindwa anapunguza. Kicheko kinaanza kabla sentensi haijaisha, neno la kuua linapita kwa mwendo uleule wa tangazo la kawaida, halafu muziki unaingia. Na mtazamaji akiivua hedifoni, anabaki na watu wanaochezesha midomo nyuma ya kioo. Kuendelea kusikiliza ni hiari yake, na hapo ndipo mchezo unapomkamata.

Matini haikunakiliwa kutoka matangazo ya siku moja. Rau alikusanya matangazo mengi akayabana yatoshe takriban saa moja, pamoja na nyimbo zilizopendwa na vijana wa wakati ule, za Reel 2 Real na Nirvana zikiwemo. Njia hii ina hatari yake, kwa sababu saa hiyo haikuwahi kuwepo jinsi ilivyo. Naikubali hata hivyo, kwa kuwa inaonyesha jinsi redio ilivyofanya kazi: chuki ilibebwa na burudani. Kabla na baada ya saa hiyo kuna ushuhuda wa video. Kwangu mimi ule wa mwanzo ndio muhimu zaidi. Kantano anapocheka kwa mara ya kwanza, tayari tunajua nje ya studio kunatendeka nini.

Mchezo ulionyeshwa Kigali mwaka 2011, na mwaka uliofuata ukachaguliwa kwa tamasha la Theatertreffen mjini Berlin. Natamani uletwe Gisenyi, mji wa mpakani. Mtambo wa pili wa kurushia matangazo ya RTLM ulisimikwa kwenye mlima Muhe, huku kaskazini-magharibi mwa Rwanda, na Kigali ilipotekwa tarehe 4 Julai 1994, watangazaji walikimbilia Gisenyi wakaendelea kurusha matangazo kabla ya kuvuka kwenda Zaire, Kongo ya leo. Kwa mtazamaji wa Berlin tafsiri hutangulia au huchelewa, na utani wa Kinyarwanda humfikia umepoa. Gisenyi utani na maana vitafika pamoja. Huenda mtu akacheka kabla hajajizuia, na mwigizaji itabidi aamue kama atakisubiri kicheko hicho kiishe au atakipita. Mimi ningemshauri akipite, kwa mwendo uleule, kama alivyofanya Ntarindwa. Manusura waambiwe mapema watakachosikia, na wawepo washauri wa kuwapokea, kama inavyofanyika wakati wa Kwibuka, kumbukumbu ya kila mwaka ya mauaji hayo. Kwa wageni wanaovuka kutoka Goma, upande wa pili wa mpaka, masafa ya pili ya redio hizo ndogo yabebe tafsiri ya Kiswahili, isomwe na mtu asiyeigiza hata kidogo.