Kuiacha ST nje ya chanjo ni kosa

Chanjo ya kuhara ya ETVAX, iliyojaribiwa kwa watoto wa Lusaka, Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa, imeundwa kwa ustadi: aina nne za bakteria E. coli zilizouawa, vishikizo vyake vya kujishikiza utumboni, na kiungo cha kuamsha kinga dhidi ya sumu LT. Lakini sumu ya pili ya bakteria hao, ST, haimo, na hapo ndipo waliokata shauri walipokosea. Utafiti wa GEMS wa mwaka 2013, uliofuatilia watoto wa nchi 7, Kenya na Msumbiji zikiwemo, uliitaja E. coli yenye ST miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali. Yenye LT peke yake haikuwamo.

Tazama kipokezi GC-C kwenye ukuta wa utumbo. Mwili hukiamsha kwa peptidi mbili, guanilini yenye asidi amino 15 na uroguanilini yenye 16, kila moja ikiwa na madaraja mawili ya salfa. Uroguanilini hufanya kazi vyema penye tindikali, guanilini pasipo nayo, hivyo maji hutoka kwa kipimo. ST ina madaraja matatu. Hilo la tatu huikaza katika umbo ambalo kipokezi hulitambua, nayo haijali tindikali, na hukishika kwa nguvu kuliko peptidi za mwili wenyewe. Ndani ya seli kiashiria cGMP hupanda, mlango wa kloridi uitwao CFTR hufunguka, kloridi humwagika na maji huifuata. Linaklotidi, dawa ya kutibu kufunga choo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, imeigwa kutoka ST hiyo hiyo. Ujuzi wa umbo hili umetosha kumtibu mtu mzima mwenye bima. Iweje usitoshe kumkinga mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi?

Watetezi wa uamuzi huo husema ST ni ndogo mno kuamsha kinga, ni sumu, na kingamwili dhidi yake zingeweza kushambulia guanilini. Hoja hizo ni za kweli, ila zina majibu. Udogo hutibiwa kwa kuifunga kwenye protini kubwa. Kuhusu sumu na mfanano, watafiti wa Bergen, Norwei, walibadilisha asidi amino moja moja, wakapata maumbo 361 ya kupima, na yapo yaliyopungua ukali bila kupoteza sura ambayo kinga huitambua. Wengine husema kuzuia vishikizo kunatosha. Vishikizo vinavyojulikana vimepita 20, na kuna bakteria wenye ST wasio na hata kimoja kati ya hivyo.

Ugumu si sababu ya kuacha: Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, hakungoja njia rahisi. Kikwit, mwaka 1995, wagonjwa 8 wa Ebola walipewa damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Wengi walilipuuza jaribio hilo, lakini kutoka kwa aliyenusurika Kikwit ilipatikana mAb114, dawa iliyoidhinishwa mwaka 2020. Chanjo ijayo iingize ST, na wizara zetu za afya zidai hivyo kabla ya kutia saini ununuzi wowote.