Neno "Namba" na Watu Walioitwa Manamba

Segera, katika Wilaya ya Handeni, ni njia panda. Barabara itokayo Chalinze hufika hapo ikagawanyika: mkono wa kulia yashika njia ya Hale na Muheza mpaka Tanga, na mkono wa kushoto yapita Korogwe na Mombo kuelekea Moshi na Arusha. Mahali pa namna hii neno la Kiingereza number, ambalo Kiswahili kimelifanya namba, halipati kupumzika. Abiria huulizwa namba ya kiti chake. Basi hutambulikana kwa namba iliyobandikwa mbele na nyuma. Mwenye kupokea mzigo hupewa namba ya simu ya anayeuleta, na fedha za nauli hutumwa kwa namba pia. Asikiaye hayo yote huenda akadhani kwamba neno hili ni jina jingine tu la hesabu. Dhana hiyo si sahihi, na makosa mengi katika maandishi ya siku hizi yatokana nayo.

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya kuhesabia hata kikaazima. Hesabu, idadi na tarakimu, yote yenye asili ya Kiarabu, yalikuwapo na yangalipo. Neno namba lilikuja kufanya kazi nyingine. Idadi hujibu swali la "ngapi". Namba hujibu swali la "yupi" au "kipi". Kiti namba 12 si viti 12, na abiria aliyeketi hapo hana haja ya kujua basi lina viti vingapi. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania kina namba moja yenye tarakimu 20, na idadi ya watu walio navyo vitambulisho hivyo ni jambo la tatu, mbali na hayo mawili. Maneno hayo yamekwisha kugawana kazi zao kwa uangalifu ambao hakuna chama cha lugha kilichouamuru. Kwa hiyo mwandishi aandikaye kwamba "namba ya wanafunzi imeongezeka" amesema Kiingereza kwa sauti za Kiswahili. Wanafunzi wana idadi. Namba ni ya kila mmoja peke yake.

Yako maneno mawili, namba na nambari. Nambari yapendwa zaidi Kenya, na sura yake yakaribiana na nambar, kama neno lile lile la Kiingereza litamkwavyo katika Kihindi na Kigujarati. Kubishana ni lipi lililo safi zaidi kati ya mawili hayo ni kupoteza wakati, maana yote mawili ni wageni waliokwisha kupewa mkeka.

Lakini historia ya neno hili katika nchi iliyozunguka Segera haikuanza na viti vya mabasi. Ilianza na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyosalimika ikapandwa katika pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyofuata reli kuelekea bara, kama vile Hale, Mnyusi, Magunga na Ngombezi. Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi kuliko ile iliyokuwa tayari kutoka katika vijiji vya karibu. Wazigua na Wabondei walikuwa na mashamba yao wenyewe, na wengi wao hawakuona sababu ya kuyaacha. Basi watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, Unyamwezi, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandika wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la SILABU, na kazi iliyokuwa ikifanywa kwa njia nyingi ikapata ofisi na daftari. Kila aliyeandikishwa alipewa namba. Watu wa namna hiyo wakaitwa manamba.

Yafaa kutazama jinsi mambo yalivyohesabiwa katika shamba la mkonge. Majani yaliyokatwa yalifungwa matita, kila tita majani 30. Siku za kazi ziliandikwa katika kipande, na kipande kilikuwa na siku 30. Jani lilikuwa na idadi, na siku ilikuwa na idadi. Hakuna jani lililopewa namba, kwa sababu hakuna aliyejali jani hili likipotea maadamu lile lipo. Mtu ndiye aliyepewa namba. Kwa upande mmoja yaweza kusemwa kwamba alitambuliwa kuwa mmoja, tofauti na wenziwe. Kwa upande wa pili, karani alitambua alama aliyoiandika mwenyewe, wala hakuwa na haja ya kulijua jina alilopewa mtu yule na wazazi wake. Neno kipande nalo lina mkasa wa kufanana, kwani ni neno la Kiswahili halisi lenye maana ya sehemu ya kitu, likafanywa kuwa jina la karatasi ya kazi katika Tanganyika na la cheti ambacho Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kukichukua.

Sarufi ya neno manamba yaeleza zaidi kuliko madaftari. Kwa kawaida jina la kigeni la mtu mwenye kazi fulani hupata ma- katika wingi, na umoja hubaki mtupu: karani, makarani, dereva, madereva. Kwa kanuni hiyo mtu mmoja angeitwa namba. Haikuwa hivyo. Husemwa "babu yake alikuwa manamba", na "manamba yule alitoka Kigoma", wala hapana asemaye "namba yule". Mtu mmoja aliitwa kwa sura ya wingi, kana kwamba hakuwahi kuonekana akisimama peke yake. Ajabu ni kwamba upatanisho ulikataa kufuata ofisi: ni manamba huyu na manamba hawa, si manamba hili na manamba haya. Wasemaji walilipokea jina kama lilivyotolewa, lakini katika kila kitenzi kilicholifuata wakamrudisha mwenye jina katika ngeli ya watu. Mwanafunzi wa sarufi apitaye hapo haraka amepita jambo kubwa.

Uandikishaji wa namna ile ulififia katika miaka ya 1960, na mwaka 1967 mashamba mengi yakachukuliwa na Serikali. Neno halikufa. Wengi walioletwa hawakurudi kwao; wajukuu wao wako Korogwe, Muheza na Handeni, nao ni wenyeji. Hata leo katika ugomvi wa ardhi husikika mtu akisema kwamba hakubali kufanywa manamba katika nchi yake, na kila asikiaye huelewa kwamba habari hiyo haihusu mkonge. Kwa hiyo wale wanaolitumia neno hili kama kitani cha mzaha kwa kibarua yeyote wafaa kujua limetoka wapi.

Kenya neno hili limepata bahati nyingine. Huko manamba ni kijana wa matatu, yule ambaye Tanzania huitwa konda au mpiga debe. Matatu za Nairobi hujulikana kwa namba za njia zao, kama 46 iendayo Kawangware, na kijana huyu ndiye mwenye kuita. Manamba wa Tanga aliitwa kwa namba. Huyu wa Nairobi ndiye mwenye kuitia watu namba. Kati ya maana hizo mbili kuna umbali mkubwa kuliko ule wa Segera na Namanga.

Katika matumizi ya leo namba yaendelea kuchukua mizigo isiyotazamiwa. Mchezaji wa mpira "hugombea namba", na akikaa nje muda mrefu husemwa kwamba amepoteza namba. Hapa neno limekuwa nafasi yenyewe, wala si alama ya nafasi. Tangu uchaguzi mkuu wa mwaka 2015 "kuisoma namba" kumekuwa kuonja taabu, hasa taabu ya fedha. Nao wanaosema kwamba namba siku zote humdhalilisha mtu na wautazame mtihani wa taifa. Mtahiniwa huandika namba badala ya jina, msahihishaji asijue kama karatasi iliyo mbele yake ni ya mtoto wa mkubwa au ya mtoto wa mkata mkonge wa Hale. Jina limefichwa kama lilivyofichwa katika daftari la SILABU, lakini safari hii limefichwa kwa faida ya mwenye jina, naye hulipata tena matokeo yatokapo.