Anza na Mabega: Kupima Mchoro wa Miungu ya Kihindu

Ukiletewa mchoro wa Durga au Ganesha uliofanywa na mchoraji wa ridhaa, awe mwanafunzi au mama anayechora jioni kazi zikiisha, usianze na uso. Uso kila mtu huuhangaikia. Ataufuta na kuurudia mpaka ukae. Anza na mabega. Durga wa Bengali ana mikono kumi, Saraswati minne, na Ganesha kwa kawaida minne vilevile. Pale mikono hiyo inapochipuka ndipo utakapojua kama mchoraji aliufikiria mwili au alijaza nafasi tu.

Aliyejaza nafasi ataotesha mkono mmoja mbavuni, mwingine nyuma ya shingo, wa tatu popote karatasi ilipobaki nyeupe. Mwenye kuijua kazi humpa Durga bega pana kila upande, kisha mikono ikafunguka humo kama makuti kwenye kilele cha mnazi. Mkono wa mbele, unaomchoma Mahishasura, yule jini wa umbo la nyati, kwa mkuki, ndio unaobeba uzito. Ya nyuma huchorwa kwa mstari mwepesi zaidi ili jicho lisigombaniwe. Mimi huifunika kwa kiganja, mkono mmoja baada ya mwingine, nikautazama unaobaki. Kila mmoja ukionekana una bega lake na kiwiko chake, mchoro huo tayari unastahili heshima.

Kisha tazama kulia na kushoto. Siku hizi wengi huchora kwa kutazama picha kwenye simu, na picha za simu hugeuzwa kirahisi. Shiva Nataraja, yule mchezaji anayejulikana zaidi kwa sanamu za shaba za enzi ya Chola kusini mwa India, husimama kwa mguu wa kulia juu ya kibeti Apasmara na kuinua wa kushoto. Mkono wa nyuma wa kulia hushika ngoma ndogo, wa nyuma wa kushoto hushika moto. Wa mbele wa kulia huonyesha kiganja cha kuondoa hofu, na wa mbele wa kushoto hupita kifuani ukielekea mguu ulioinuliwa. Ukikuta ngoma iko kushoto, jua mchoraji alinakili kivuli bila kuuliza mungu huyu anafanya nini. Hilo si kosa dogo. Ngoma ni uumbaji na moto ni maangamizi; kila mkono una kazi yake, na anayempenda Shiva huijua. Halafu dondosha kwa jicho mstari wima kutoka kooni mwa Nataraja. Usipofika karibu na mguu uliosimama, mchezaji huyu angeanguka, hata duara la moto linalomzunguka lipambwe vipi.

Paji la uso nalo husema mengi: mistari ya majivu iliyolala ni ya Shiva, alama iliyosimama wima ni ya Vishnu. Ganesha ana pembe moja iliyovunjika. Haya ni ya kutazama mara moja na kupita.

Vipimo ndivyo vinavyotaka subira. Vitabu vya kale vya sanaa ya India hupima mwili kwa tala, yaani urefu wa uso kuanzia nywele zinapoanzia hadi kidevuni, ambao ni sawa pia na urefu wa kiganja kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Miungu wakubwa hupewa tala tisa au kumi. Ganesha hupewa tano. Ndiyo maana naisikitikia mitindo ya sasa inayomvika Ganesha kifua cha mnyanyua vyuma na kiuno chembamba. Ufupi wake na tumbo lake ndivyo vinavyompa utulivu. Ukivinyoosha umebaki na kichwa cha tembo juu ya mwili wa mtu mwingine. Chukua kijiti au penseli, pima uso, uteremshe chini mwilini. Mchoraji wa ridhaa si lazima awe amesoma vitabu hivyo, lakini jicho lililotazama kazi nzuri kwa muda mrefu hukaribia vipimo hivyo lenyewe.

Mstari ndio moyo wa kazi yote. Katika karne ya 19, wachoraji wa kijijini Bengali waliohamia Kolkata walikaa karibu na hekalu la Kali, pale Kalighat, wakiwauzia mahujaji picha za miungu kwenye karatasi rahisi ya kiwandani, kwa rangi za maji. Walitakiwa kuchora haraka, kwa hiyo walijifunza kuvuta shavu, shingo na bega kwa mvuto mmoja wa brashi, wakaacha nyuma peupe, na kivuli wakakiweka ukingoni tu, kikifuata mstari. Jamini Roy, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufunzwa uchoraji wa Kizungu, aliuacha ufundi huo akaurudia mstari wa wachoraji hao wa kijijini. Basi sogeza mchoro karibu na dirisha uufuate mstari mmoja, tuseme mkonga wa Ganesha, kutoka paji hadi ncha. Mstari mzuri hunenepa na kukonda kwa sababu: hunenepa panapopinda, hukonda unapokwenda kupumzika. Mstari wa woga ni vipande vifupi vingi vilivyobandikwa, vinavyotafuta njia. Kati ya mkonga usiolingana sana lakini uliovutwa kwa pumzi moja na mkonga sahihi wenye nywelenywele, mimi huchukua wa kwanza.

Macho sasa. Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi wa sanamu Kolkata, jicho la Durga kwa desturi huchorwa mwisho, siku ya Mahalaya, kabla ya sikukuu yake, maana ndilo linalompa uhai. Katika mchoro wa penseli pia huonekana kama macho yaliachwa mpaka mwili ukawa tayari kuyapokea. Jihadhari na kope nyingi na nukta nyeupe ya kung'aa iliyowekwa kwa mazoea. Mara nyingi huficha jicho lisilotazama popote. Anayetaka mtihani mgumu ampe mchoraji kazi ya kumchora mungu Jagannath wa Puri: uso mweusi, macho mawili ya duara. Wengi hudhani ni rahisi. Ukikosea kidogo ukubwa wa mboni, unapata kinyago cha mshangao badala ya mungu anayemtazama kila mtu.

Rangi na dhahabu niliziacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ndizo zinazodanganya upesi. Mchoraji Raja Ravi Varma alipofungua kiwanda chake cha kuchapa picha Bombay mwaka 1894, Lakshmi na Saraswati wake wenye nyuso za kibinadamu na sari za kukunjika walianza kuingia majumbani kwa bei nafuu. Kalenda zilizotundikwa kwenye maduka ya Wahindu hadi Mombasa na Dar es Salaam ni wajukuu wa picha hizo. Mchoraji wa leo akinakili kalenda, ananakili nakala ya nakala, na kila hatua huongeza mng'ao na kupunguza umbo. Ukiona dhahabu nyingi, fumba macho nusu mpaka vibaki kivuli na mwanga tu. Umbo likipotea, dhahabu ilikuwa inalisitiri.

Kwa upande mwingine, kuna kazi za rangi tupu ambazo ni za hali ya juu. Wanawake wa Mithila, Bihar, walikuwa wakichora kuta za nyumba zao, na baada ya ukame wa miaka ya 1960 wakahamasishwa kuchora kwenye karatasi ili wapate kipato. Sita Devi alijaza maumbo kwa rangi nzito. Ganga Devi, kinyume chake, alisuka maumbo kwa mistari myembamba. Ukipewa kazi inayoiga mitindo hii, nenda moja kwa moja kwenye pambizo na pembe za chini, hasa ile ambayo mchoraji alimalizia. Hapo ndipo mkono wa ridhaa huchoka, vistari vinaanza kuachana, samaki na maua yanachorwa ilimradi. Pambizo iliyofungwa kwa uangalifu uleule iliyoanza nao huniambia mengi zaidi kuhusu mchoraji kuliko sahihi yake iliyo kando.