Mlanguzi, Mzururaji na Ajira: Uhakiki wa Maneno ya Uchumi katika Kauli za Siasa

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na kuiacha hotuba ya siasa mikononi mwa waandishi wa habari na wanauchumi. Mgawanyo huu wa kazi una hasara yake. Hotuba ya siasa ina wahusika, ina msuko na ina taswira, na mara nyingi husikilizwa na watu wengi kuliko wale wanaosoma riwaya. Licha ya hayo, hotuba inapoeleza sababu ya kupanda kwa bei au ya kukosekana kwa kazi, msikilizaji hupewa hadithi kamili yenye mkosaji na mkombozi, naye huchukua hatua kwa kuifuata hadithi hiyo: humshitaki jirani yake, hupiga kura, au hufunga duka lake. Makala hii inachunguza maneno machache yaliyotumika Tanzania, Uganda na Kenya kuelezea biashara, kazi na uchumi wa taifa. Nia yake ni kuonyesha kwamba upotoshaji wa mambo ya uchumi haukai katika takwimu peke yake. Aghalabu hujificha katika umbo la neno lenyewe.

Yafaa kuanza na Tanzania ya mwaka 1983. Nchi ilikuwa katika dhiki kubwa. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na nguo zilikuwa adimu madukani. Sababu zake zilikuwa nyingi, nazo zilikuwa zimekusanyika kwa muda wa miaka kumi: kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi za viwanda, na bei ndogo walizolipwa wakulima na mashirika ya umma. Tena, tangu mwaka 1973 bei za bidhaa nyingi zilikuwa zikipangwa na serikali. Bidhaa ikipangiwa bei iliyo chini mno ya ile ambayo watu wako tayari kuilipa, nayo ikawa haitoshi, huondoka mbele ya kaunta na kuuzwa mlango wa nyuma.

Katika hali hiyo ndipo yalipovuma maneno mawili, mlanguzi na mhujumu uchumi. Kulangua ni kununua vitu kwa wingi ili kuviuza kwa bei ya juu. Kuhujumu ni kushambulia, na neno hilo lina asili ya vita. Msako ulianza mwezi Machi 1983, wakati Edward Sokoine alipokuwa Waziri Mkuu. Sheria maalumu iliyotungwa mwaka huo iliunda baraza la pekee la kusikiliza mashtaka, ikawanyima washitakiwa dhamana na haki ya kutetewa na mawakili. Mwaka 1984 mahali pake palichukuliwa na sheria nyingine iliyoyarudisha mashauri hayo mbele ya Mahakama Kuu.

Mhakiki hana budi kuwa mwadilifu hapa. Bidhaa zilizofichwa zilikuwapo kweli, na umma uliounga mkono msako ule haukuwa umepumbazwa kuhusu jambo hilo. Watu walikuwa wameziona foleni kwa macho yao. Wala heshima ya Sokoine, ambaye anakumbukwa hadi leo kwa uadilifu wake, haiguswi na hoja hii. Kosa liko kwingine. Liko katika kuyageuza matokeo kuwa chanzo. Mlanguzi alistawi kwa sababu ya uhaba, lakini neno mhujumu likamfanya kuwa ndiye mzazi wa uhaba huo. Kama dai hilo lingekuwa la kweli, kukamatwa kwa walanguzi kungeyajaza maduka. Mambo yalikwenda kinyume: wafanyabiashara wengi waliogopa kuweka akiba yoyote ya bidhaa, na rafu zikazidi kuwa tupu. Nafuu ilianza kuonekana baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Bidhaa zilirudi, ingawa kwa bei ambazo wengi wenye kipato kidogo hawakuzimudu. Na hilo nalo halikuwa katika hadithi iliyosimuliwa kwanza.

Linalostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha ni njia iliyotumika. Uhaba, upungufu na upandaji wa bei ni majina ya hali. Hali haina sura, haina nyumba, wala haiwezi kutiwa pingu. Kiambishi cha ngeli ya M-WA kinapopachikwa, hali hiyo hupata mwili. Ulanguzi, ambao ni tendo linaloweza kufanywa na yeyote, hata na ofisa wa shirika la umma au mke wa mkubwa, huwa mlanguzi, mtu wa aina maalumu, ambaye tabia yake haihitaji maelezo zaidi. Sarufi ya Kiswahili haina hatia katika jambo hili. Kila lugha ina njia yake ya kutaja watenda. Lakini wepesi wa ngeli hii humwezesha msemaji kuifupisha safari ndefu ya sababu na matokeo kwa silabi moja, na msikilizaji hahisi kwamba kuna kilichorukwa.

Uganda ilikwisha kulipitia jambo hilo, na kwa ukatili mkubwa zaidi. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, akaiita hatua hiyo vita vya uchumi. Hapo tena palikuwa na malalamiko ya kweli. Utawala wa Kiingereza ulikuwa umepanga biashara kwa namna iliyowazuia Waafrika kuingia katika uchambuaji wa pamba na biashara ya jumla, na umbali kati ya mwenye duka na mnunuzi ulikuwa pia umbali wa rangi. Lakini neno vita lilikwisha kulijibu swali kabla halijaulizwa. Penye vita pana adui, na mali ya adui ni ngawira. Nani angeendesha mashine za sukari, kwa ujuzi gani na kwa mkopo wa nani, ni maswali ambayo msamiati wa vita hauna nafasi yake. Maelfu ya maduka, viwanda na mashamba yaligawiwa watu wengine, wengi wao wakiwa wanajeshi na wandani wa utawala. Katika miaka michache sukari iliadimika katika nchi ambayo hapo awali ilikuwa na viwanda vikubwa vya sukari huko Kakira na Lugazi.

Mfano wa Uganda una funzo jingine, nalo linahusu umma wenyewe kama mhakiki. Wale waliopewa maduka na kutajirika ghafla hawakuitwa mashujaa wa vita vya uchumi. Mitaani waliitwa mafuta mingi. Mwenye kushika kanuni za upatanisho atasema kwamba ilipasa kuwa mafuta mengi, na atakuwa amesema kweli ya sarufi huku akiipoteza kweli ya maana. Kwa maneno mawili yasiyopatana, watu walikuwa wameuliza yale ambayo hotuba iliyakwepa: mali imekwenda kwa nani, na nani amenenepa? Kwa kuwa waliuliza katika Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya jeshi na ambacho Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, walimjibu mtawala kwa lugha yake mwenyewe.

Kuhusu kazi, neno linalodai uchunguzi ni mzururaji. Mwaka huo huo wa 1983 Tanzania ilitunga sheria iliyojulikana kama ya Nguvu Kazi, ambayo chini yake watu waliokuwa mijini bila ajira inayotambuliwa walikamatwa na kupelekwa mashambani. Kuzurura ni kwenda huku na huko bila shughuli. Je, muuza karanga wa Kariakoo hakuwa na shughuli? Miaka kumi na mmoja kabla ya hapo, mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliofika Kenya ulikuwa umetoa ripoti iliyobainisha kwamba tatizo kubwa lilikuwa umaskini wa watu wanaofanya kazi, tena kwa saa nyingi, katika shughuli ndogondogo ambazo serikali ilizisumbua badala ya kuzisaidia. Wakenya wakaja kuziita shughuli hizo jua kali. Jina hili ni la haki kuliko uzururaji, kwa kuwa linataja mahali pa kazi na taabu yake, na halimhukumu mfanyakazi.

Hata hivyo, Kenya nayo ina neno lake la kuhojiwa, nalo ni ajira. Katika uchaguzi wa mwaka 2017, ilani ya chama kilichokuwa kikitawala iliahidi nafasi za kazi milioni 1.3 kila mwaka. Takwimu za serikali za mwaka uliotangulia, 2016, zilionyesha kwamba kazi mpya zilikuwa takriban 833,000, na kati ya hizo takriban 747,000 zilikuwa za jua kali. Hakuna sababu ya kudhani kwamba takwimu hizo zilibuniwa. Tatizo liko katika jina lililovikwa hesabu hiyo. Ajira ni ndugu wa ujira, mwajiri na mwajiriwa. Mwenye kuisikia huona mshahara, mkataba na mtu wa kudaiwa mshahara usipolipwa. Anayechoma mahindi kando ya barabara ana kazi, lakini hana mwajiri wala ujira. Akihesabiwa kuwa ni ajira iliyoletwa na serikali, jasho lake linakuwa sifa ya mtu mwingine, na haki ambazo neno hilo lilibeba zinapotea bila mtu kutangaza kwamba zimeondolewa.

Mifano hii ikiwekwa pamoja, kanuni moja hujitokeza. Siasa inapolaumu, huita mtu: mlanguzi, mhujumu, mzururaji. Inapoahidi, humfuta mtu: ajira zitaletwa, uchumi utakua, bei zitashuka, bila kutajwa nani atamlipa nani na kutoka mfuko gani. Lawama hupewa mtenda hata pale ambapo chanzo ni mfumo. Ahadi hunyimwa mtenda hata pale ambapo mhusika anajulikana kwa jina na cheo.

Huenda ikasemwa kwamba ukweli hujitenga wenyewe, kwani njia ya mwongo ni fupi. Katika mambo ya uchumi methali hii haitoshi. Kati ya sera na mavuno yake hupita miaka, na kufikia wakati huo msemaji huwa amestaafu au amepata mkosaji mwingine. Shaaban Robert aliliona jambo hilo katika Kusadikika (1951). Karama, akijitetea mbele ya mashtaka ya Majivuno, anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi nyingine kutafuta maarifa, nao waliporudi wakaadhibiwa. Nchi iliyowafunga wajumbe wake haiwezi kulinganisha hali yake na ya wengine, na isiyoweza kulinganisha haina namna ya kujua kama inadanganywa.

Kazi ya ujumbe huo haiwezi kuachiwa wanauchumi peke yao, maana takwimu sahihi zikitiwa katika neno lisilo sahihi hupotosha vilevile. Mwalimu wa Kiswahili anao uwezo wa kuwafundisha wanafunzi wake kuisoma ilani ya chama kwa makini yale yale wanayoyatumia kusoma tamthilia: kuuliza nani ametajwa na nani amefichwa, ni matukio gani yaliyotangulia lile linalolaumiwa, na neno lililotumika limehesabu nini hasa. Maswali haya hayamwambii mwanafunzi ampigie nani kura. Yanamzuia tu asimpeleke muuza karanga kituo cha polisi kwa kosa la uhaba wa sukari.