Picha Inayokula Ukuta

Katika Viewfinder, mchezo wa video uliotengenezwa Uskoti na Sad Owl Studios na kutolewa mwaka 2023, picha haitundikwi ukutani, huula ukuta. Mchezaji hushika picha ya daraja, huinyanyua mbele ya macho yake penye pengo, na mara daraja limesimama, anavuka. Betri moja ikipigwa picha huwa mbili. Picha ikipinduliwa juu chini, vilivyomo huporomoka.

Utamu wa mafumbo haya hautokani na kiinimacho hicho, ingawa hakichoshi upesi. Watokana na gharama yake: kila kilichokuwa nyuma ya picha hukatwa kikatoweka. Anayetaka daraja huweza kupoteza mlango uleule aliokuwa akiuendea. Kupiga picha huwa ni kuchagua kipi kibaki na kipi kiende, jambo alijualo kila mpiga picha, ila aghalabu halipi papo hapo.

Tuzo za BAFTA za mwaka 2024 zilistahiki kwa ajili ya fumbo. Hadithi haikufika huko. Dunia imeharibiwa na mabadiliko ya tabianchi, na mchezaji hupekua sauti na maandishi ya wanasayansi waliotafuta dawa yake. Sauti hizo, na za paka asemaye (huyo anapendeza), husikika pembeni mwa fumbo, si ndani yake. Tena kipo kitufe cha kurudisha wakati nyuma. Bila hicho mchezo usingechezeka; lakini kila kilichofutwa hurudi, na msiba unaosimuliwa haumfiki mchezaji mkononi.