Sahani na Ua: Orodha ya Mwongoza Wageni wa Songwe

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imezoeleka kuwa sifa ya ukarimu, hata watu wakasahau kwamba imebeba sharti. Haikusema mwenyeji afurahi, wala mwenyeji atajirike, ilisema apone. Kwa hivyo ujio wa mgeni hupimwa kwa uzima wa mwenyeji baada ya mgeni kuondoka. Kipimo hicho kinafaa sana kutumiwa juu ya fani moja ya maneno ambayo wahakiki huipita bila kuitazama, nayo ni orodha ya mwongoza wageni: mahali anapopapenda, chakula anachokisifu, njia anayoichagua ili ampitishe mtu asiyeijua nchi.

Orodha ya namna hii ni utungo. Kama lilivyo shairi, ina mwanzo wake na tamati yake. Ina kinachotajwa, kinachorudiwa na kinachonyamaziwa. Aidha, kama ilivyo kasida ya sifa, nguvu yake hutokana na mapenzi ya msemaji. Msomaji wa visiwani anaijua fani hii kuliko anavyodhani. Tangu Mji Mkongwe wa Zanzibar uingizwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, na hata kabla yake, orodha ya hapa imekomaa mpaka imekuwa ngumu: asubuhi mashamba ya viungo, mchana Jozani kwa kima punju, jioni Forodhani. Anayeitaja huitaja kwa pumzi moja, mithili ya mtoto anayesoma kwa moyo jambo ambalo hajalifikiri. Yote yaliyomo ni ya kweli, tena ni mazuri. Lakini mji wenyewe, wenye madrasa na misiba na kodi za nyumba, haumo.

Ndiyo sababu kuna faida kuitazama orodha ya mahali ambapo utungo bado ni laini, nako ni Songwe. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Makao yake makuu ni Vwawa, na wilaya zake ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Mji wake unaojulikana zaidi ni Tunduma, uliogusana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba mgeni huhitaji kuonyeshwa mpaka ulipo. Reli ya TAZARA hupita hapo, na barabara kuu iendayo Zambia na Kongo hupita hapo. Kwa watu wengi wa pwani, Tunduma ni jina lililoandikwa kwenye kioo cha basi, au foleni ya malori inayosimuliwa na madereva. Ni mji ambao wengi wameupita na wachache wameuzuru.

Pwani nayo iliwahi kuwa na orodha yake ya nchi za upande huo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, anazitaja nchi za kusini mwa Ziwa Tanganyika, zikiwamo Urungu na Itahua, ambazo haziko mbali na Songwe ya leo. Ni nathari safi ya mtu mwenye macho makali. Lakini macho hayo yalitafuta pembe, na kila mahali pakapimwa kwa kile kinachoweza kutoka hapo. Mwongoza wageni wa leo hatafuti pembe, wala hana bunduki. Hata hivyo, swali alilorithi ni lile lile, ila hulisema kwa upole: hapa pana nini kwa ajili ya anayepita?

Utangulizi wa orodha ya Songwe ni kimondo cha Mbozi, na hakika ni utangulizi mwema. Juu ya kilima cha Marengi limelala bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, urefu wake mita 3 hivi, uzito wake ukikadiriwa kuwa tani 16. Sehemu tisa kati ya kumi ni chuma, na iliyobaki karibu yote ni nikeli. Mtu wa pwani, aliyelelewa akiambiwa kuwa kimondo ni moto unaowafukuza mashetani wanaodukiza habari za mbinguni, hapa hukikuta kimetulia, kimepoa, na kinagusika kwa kiganja.

Tatizo liko katika kitenzi. Maelezo mengi husema kuwa kimondo "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Lakini wenyeji walikijua tangu zamani, ila kwa miiko yao hawakukitaja mbele ya watu wa nje. Kilichotokea mwaka 1930 ni kwamba siri ilitoka nyumbani. Baada ya hapo udongo uliolizunguka bonge hilo ulichimbwa, likaachwa juu ya nguzo ya udongo ambayo baadaye ilijengewa kwa zege. Mwongoza wageni anayesema "kiligunduliwa" amekwisha kuwatoa wenyeji katika ubeti wa kwanza. Anayesema "walikinyamazia, kisha akaja mtu akakiandika" amesema kweli, na papo hapo ameuongezea utungo wake uzuri. Kwani vizazi vya watu kunyamazia kitu kizito kama kile ni habari kubwa kuliko uzito wake wa tani.

Kutoka kwenye kimondo, orodha hushuka kwenye chakula. Mbozi ni nchi ya kahawa ya Arabika, na mzee wa barazani aliyezoea kikombe kidogo cha kahawa chungu kwa kashata angeweza kuifuata kahawa hadi kwenye mche wake, akaona jinsi buni inavyochumwa kwa mkono, moja baada ya moja iwivapo. Bonde la mto Momba, upande wa Kamsamba, hulimwa mpunga. Ziwa Rukwa hutoa samaki. Milimani kuna mahindi, maharage na ulezi. Haya mwongoza wageni huyataja upesi, na ana haki, kwa kuwa mengi hupatikana kwingineko pia.

Kipo chakula kimoja, hata hivyo, kinachoipa Tunduma ladha yake ya mpakani. Nacho ni chikanda, ambacho wengine hukiita kinaka, chakula kinachopendwa mno upande wa Zambia. Viazi vidogo vya porini hukaushwa, vikatwangwa kuwa unga. Unga huo huchanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka ukashikana kuwa kitu kizito cha rangi ya udongo, kinachokatwa vipande kama mkate. Asiyekijua huweza kudhani kuwa anakula nyama. Mwongoza wageni anayekipenda hana haja ya kutia chumvi katika sifa zake: kinashibisha, kinabebeka, na huliwa kwa mkono mtu akiwa amesimama. Ni chakula kinachoufaa mji wa watu wasiokaa.

Viazi hivyo ni vya okidi. Ndani yake mmea huweka akiba ya uhai wake wa msimu ujao, na anayekichimba kiazi hakuchuma tunda, ameung'oa mmea wenyewe. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa mamilioni ya okidi huchimbwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania na kupelekwa Zambia kila mwaka. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, mashariki ya mji wa Mbeya, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake, zikiwamo okidi za aina nyingi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu.

Hapa ndipo orodha inapojipinga yenyewe. Mgeni anayezuru nyanda hizo aweza kupelekwa Kitulo atazame maua, kisha akashuka Mbeya, akafuata barabara kuu hadi Tunduma, na huko akaonjeshwa chikanda. Utungo ule ule unalisifu ua kwa jicho na kukisifu kiazi chake kwa ulimi, pasi na neno moja la kuunganisha. Ni beti mbili zilizolingana vina na kutimia mizani, ila zimekosa kituo. Na kituo, kama ajuavyo kila mpenda shairi, ndicho kinachoufunga ubeti na kumwachia msikilizaji la kushika.

Itasemwa kuwa mwongoza wageni si mwalimu wa maadili. Kwamba mgeni amelipia furaha, na kwamba mchimba okidi ni mtu wa kijijini asiye na pato jingine, wala mama anayeuza vipande sokoni hakuanzisha biashara hiyo. Hoja hii ina uzito, na mtu aliyeshiba kisiwani hapaswi kuipuuza. Kumlaumu muuzaji wa sahani moja kwa kupotea kwa uwanda mzima wa maua ni uvivu wa fikra. Lakini kusema ukweli wa chakula si kumhukumu mpishi. Mwongoza wageni anayeeleza kuwa kiazi hiki kilikuwa ua, kilichimbwa mbali, kimebebwa gunia kwa gunia hadi hapa, na kwamba huko kilikotoka kinaanza kuadimika, hakumwibia muuzaji mteja. Amempa mgeni haki ya kujua anachotafuna.

Tena visiwani jambo hili si geni. Baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha siku ya kufungua watu wote hushuka baharini. Anayekula pweza wa kuchoma Forodhani huku akisimuliwa habari hiyo hali kidogo kuliko jirani yake. Hula akiwa na heshima. Orodha inayomtaja pweza bila kuutaja mwamba uliofungwa ina upungufu ule ule wa orodha inayoitaja chikanda bila kulitaja ua. Tofauti ni kwamba visiwani kituo cha ubeti kimekwisha kutungwa na wavuvi wenyewe, kinangoja kusemwa tu. Songwe bado kinatafutwa, na hasara ya kukikosa si ya fasihi peke yake: okidi iliyong'olewa hairudi kwa sifa.

Mfano wa namna ya kuunganisha umo katika jina la mkoa wenyewe. Mito inayoitwa Songwe ni miwili. Mmoja huelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, na maji yake huishia humo. Wa pili ndio mpaka wa Tanzania na Malawi upande wa Ileje. Huingia Ziwa Nyasa, na maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire hadi Zambezi, na Zambezi humwagika katika Bahari ya Hindi. Mwongoza wageni akimsimamisha mtu wa pwani kando ya Songwe hii na kumwambia hayo, hatakuwa na haja ya kueleza kwa nini mambo ya huku yamhusu. Mgeni atakuwa amekwisha kufahamu kuwa maji anayoyatazama yako njiani kwenda kwao. Kisha ampeleke sokoni Tunduma, amnunulie kipande cha chikanda, na kabla hajakitia kinywani amwonyeshe picha ya ua.